Røst si friji

Shangazi yangu ameuza ng'onda sokoni Tanga tangu sijazaliwa, na ndiye aliyenifundisha kumjua samaki kwa pua kabla sijaingia darasa lolote. Kwa hiyo wiki iliyopita aliponiambia kwenye simu, "Mwanangu, hao samaki wa huko kwenu hawakauki, wanaganda tu," niliumia kuliko ninavyoumia nikilisikia neno hilo kwa watu nisiowajua. Nimelisikia mara nyingi mno. Nikamwambia, "Shangazi, nitakuandikia." Ndiyo haya.

Huko anakokusema, ambako samaki wakavu tunawapanga kwa madaraja, ni Røst, ncha ya mwisho ya visiwa vya Lofoten, Norway. Ni halmashauri inayojitegemea tangu 1928, ilipotengwa na jirani yake Værøy, na ina watu wapatao 500. Wanaishi karibu wote kwenye kisiwa kimoja, Røstlandet, ambacho ni tambarare kiasi kwamba ukisimama juu ya gari unakiona chote. Milima iko kwenye visiwa vya kusini-magharibi, wanakokaa ndege wa baharini. Bodø, mji wa bara, uko mbali kiasi cha kilomita 100 kuvuka maji. Wenyeji husema visiwa vyao ni 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Mimi hesabu hiyo siiamini, kwa sababu inategemea kama mwamba unaofunikwa na maji yakijaa unauhesabu au huuhesabu.

Sasa sikilizeni. Røst iko kaskazini ya mstari wa Aktiki. Ukifuata latitudo hiyohiyo kwenda magharibi unafika pwani ya mashariki ya Greenland na visiwa vya Kanada ambako bahari huwa barafu tupu wakati wa baridi. Røst bahari haigandi. Wastani wa joto la Januari na Februari uko juu ya sifuri. Juu kidogo tu, lakini juu. Watu wanaangalia ramani, wanaona kaskazini, wanaamua kuna friji. Ramani haina kipimajoto.

Vitabu vya shule vinaeleza jambo hili kwa sentensi moja: mkondo wa bahari wenye joto kutoka Atlantiki. Ni kweli, ila haitoshi, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana ni kiasi gani cha joto hilo kinaletwa na mkondo na ni kiasi gani kinaletwa na upepo wa kusini-magharibi unaopita juu ya bahari isiyoganda. Mimi naegemea upepo, maana ndio ninaouona kazini. Upepo ukitoka baharini tunapata mvua na hewa laini. Ukigeuka ukatoka bara, mashariki, hewa inakuwa kavu na baridi inashuka usiku uleule. Shangazi, wewe unajua kusi na kaskazi zinavyobadilisha chanja zako. Ni jambo lilelile.

Samaki mwenyewe anaitwa skrei, ndiye "cod" wa Kiingereza. Msimwite chewa, tafadhali. Chewa wetu ni wa miambani, wa maji ya moto, na ni ukoo mwingine kabisa. Skrei anakua bahari ya Barents, kisha kila mwaka kuanzia Januari anashuka Lofoten kutaga. Watu wa Røst hawakumfuata. Yeye ndiye anayekuja mlangoni kwao, na kwa ajili hiyo kuna watu pale.

Akishavuliwa anakatwa kichwa, anatolewa matumbo, anafungwa wawili wawili mkiani na kutundikwa kwenye chanja za miti. Hakuna chumvi hata chembe, hakuna moshi, hakuna mashine. Makayabu ya Kongo ni kitu kingine, yale ni ya chumvi. Kutoka Februari, jua likiwa limesharudi, hadi Mei au Juni anakaa pale na upepo. Kilo tano zinabaki karibu moja. Vichwa hukaushwa kando, na vingi huenda Nigeria.

Hapa ndipo kwenye kiini cha ugomvi wangu. Baridi kali ni adui wa samaki huyu. Siku anapotundikwa, nyama yake ni maji kwa sehemu kubwa. Joto likishuka sana chini ya sifuri, maji hayo yanakuwa vipande vya barafu ndani ya nyama, na vipande hivyo vinapasua chembe hai zake. Akiyeyuka, maji yanavuja na nyama inabaki kama sifongo: nyeupe ya chokaa, laini ukiibonyeza, yenye nyufa. Kwa nje anaweza kuonekana mzuri. Mpishi wa Italia akimloweka ndipo anaposambaratika mikononi, na hapo jina la kisiwa kizima linaharibika. Samaki wa namna hiyo tunamshusha daraja, anauzwa bei ya chini. Kwa hiyo ukimwambia mkaushaji wa Røst kwamba baridi kali ndiyo inayomkaushia samaki wake, umemwambia kwamba ugonjwa wake ndiyo dawa.

Joto nalo likizidi, nzi wanataga mayai na nyama inachacha. Kinachotakiwa ni ule ukanda mwembamba katikati: baridi ya kumzuia nzi, isiyofika ya kugandisha. Røst iko ndani ya ukanda huo kwa miezi yote inayohitajika, na ndiyo maana ya kila kitu pale.

Lakini nikiri jambo. Miongozo huuandika ukanda huo kana kwamba una ukuta. Hauna. Samaki aliyetundikwa wiki tatu zilizopita, ambaye nje yake imeshafanya gamba kavu, anahimili usiku wa baridi ambao ungemharibu mwenzake aliyetundikwa jana. Mnene anaumia kuliko mwembamba. Hata madaraja yetu, ambayo ni karibu ishirini, yanaonekana wazi kwenye karatasi kuliko mkononi. Nimewahi kumpanga samaki mmoja daraja la juu asubuhi, na jioni nikamrudia, nikamnusa tena, nikampeleka daraja la chini. Sina hakika ni uamuzi upi ulikuwa sahihi.

Kosa la pili nitalipitia haraka. Husemwa kwamba Mwitaliano Pietro Querini ndiye aliyeanzisha biashara hii. Querini alikuwa mfanyabiashara wa Venice. Aliondoka Krete 1431 na watu 68, chombo kikiwa na divai na viungo, akielekea Flanders. Usukani ukavunjika, wakahamia kwenye mashua mbili, na moja tu kati ya hizo ndiyo iliyofika nchi kavu. Januari 1432 waliangukia kimoja cha visiwa vya Røst visivyo na watu, na waliosalimika hadi mwisho walikuwa 11. Wavuvi waliwaokota, wakawaweka majumbani mwao hadi Mei. Aliandika kwamba aliwakuta watu wapatao 120, na kwamba walikausha samaki kwa upepo na jua bila chumvi, wakampiga kwa kisogo cha shoka ili alainike. Yaani kazi ilikuwepo! Wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, umoja wa miji ya biashara, walikuwa na ofisi yao Bergen, mji wa bandari wa Norway, tangu miaka ya 1360 hivi, wakinunua samaki huyohuyo. Querini alipewa chakula na watu waliokuwa wakiuza tayari. Hata leo Waitalia wa Vicenza ndio wanaompenda zaidi, na mji wao mdogo wa Sandrigo una udugu rasmi na Røst.

Halmashauri za Norway zilipounganishwa 2020, zikapungua kutoka 422 hadi 356, Røst ilibaki peke yake. Mimi nilifurahi. Watu 500 wenye shule yao na baraza lao, katikati ya bahari, wakiongoza mambo yao kwa samaki wanaomjua.

Nilipowauliza wazee wa pale wanaogopa nini zaidi, nilidhani watasema dhoruba. Walitaja usiku wa Machi wenye anga safi na upepo wa mashariki, nyota zote nje. Usiku huo hutoka mara mbili tatu kuangalia kipimajoto ukutani, kisha huenda kwenye chanja na kumbonyeza samaki wa jana kwa kidole gumba.