Chumvi ya bahari haifiki kilomita 90

Kila ninapowaonyesha wageni mchoro wa tabaka la sodiamu, yaani atomu za sodiamu zinazoelea juu sana angani, sijamaliza hata sentensi ya pili, atatokea wa kusema: "Kumbe chumvi ya bahari hupanda hadi huko!" Wanafunzi wa fizikia nao husema hivyo hivyo. Haipandi, na nimechoka kuisikia.

Tone la maji ya chumvi linaporushwa na mawimbi, chembe inayobaki hukaa angani siku chache tu, kisha mvua huishusha. Mawingu ya mvua yenyewe huishia kilomita 10 hadi 17 hivi. Sisi tunazungumzia kilomita 80 hadi 105. Isitoshe, sodiamu ya chumvi imefungamana na klorini, na leza ya lida yetu (chombo kinachorusha mwali angani na kupima mwanga unaorudi) haiioni. Inaiona atomu iliyo huru. Anayeng'ang'ania bahari anieleze habari za chuma. Juu kule lipo pia tabaka la chuma, kwa kawaida lenye atomu nyingi kuliko la sodiamu, ilhali maji ya bahari karibu hayana chuma kabisa. Vumbi la vimondo linavyo vyote viwili, na chuma ndicho kingi.

Vumbi hilo huingia kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Likigongana na hewa huwaka, na atomu za metali huchomoka. Zilizo juu zaidi hugeuka ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Zinazoshuka chini ya kilomita 80 hukosa oksijeni ya atomu ya kuzifungua, hivyo hubaki ndani ya misombo, zikiwa zimeungana na atomu nyingine, na mwisho hunata kwenye chembe za moshi wa vimondo. Ndiyo maana tabaka lina sakafu na dari. Kwenye skrini utaona mwangwi wa hewa, yaani mwanga wa leza unaorudishwa na hewa, ukififia kadiri unavyopanda, kisha karibu na kilomita 80 hesabu ya fotoni (chembe za mwanga) inainuka tena, inafika kilele kwenye 90 hivi, halafu inashuka. Mara chache hujitokeza mwiba mwembamba kwa sekunde kadhaa, ukapeperuka na upepo: hiyo ni njia ya kimondo kimoja, atomu zake bado mbichi. Aliyewahi kuuona mwiba huo hanitajii bahari tena.

"Basi ni kama bati limetanda angani." La. Ni atomu elfu chache katika sentimita moja ya ujazo, na kila moja imezungukwa na molekuli za hewa zaidi ya bilioni kumi.

"Basi tabaka huja na mvua ya vimondo." Vumbi huingia kila siku, mwaka mzima. Katika latitudo za kati sodiamu huongezeka majira ya baridi na kupungua kiangazi, na kinachotawala hapo ni kemia na halijoto, si kalenda ya vimondo.

"Leza yoyote yenye nguvu itafaa." Hili nalo linaniudhi, maana watu hununua nguvu wakasahau rangi. Sodiamu huitikia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, potasiamu 770, chuma 372. Leza ya kijani ya 532, hata iwe kali namna gani, hupita katikati ya sodiamu bila kuiamsha. Kabla hujailaumu anga, weka kichupa cha mvuke wa sodiamu kwenye njia ya mwali. Ukiwa sawasawa, uzi wa rangi ya chungwa utawaka ndani ya kioo. Usipowaka, zima, rekebisha leza, anza upya. Nimeona watu wakipoteza usiku mzima safi wakichunguza darubini na kebo, kumbe leza imehama sehemu ndogo sana ya nanomita.

"Lida hufanya kazi usiku tu." Zamani, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Siku hizi vichujio vyembamba mno huzuia karibu mwanga wote wa jua na kupitisha mstari wa metali, yaani ile rangi yake moja, peke yake, na tunapima hata saa sita mchana.