Mkutano wa Jumatatu, Siku ya Madaraka na Dhana Potofu za Kalenda

Siku ya Madaraka, sikukuu ya kitaifa ya Kenya, Juni 1, 2026, ni Jumatatu. Ofisi ya Nairobi yenye mkutano kila Jumatatu saa tatu asubuhi itausogeza hadi Jumanne. Kwenye simu ni kubofya tu. Kwa anayeandika programu inayotumia API ya Google Calendar (njia ya programu kuwasiliana na kalenda hiyo), kazi ndiyo kwanza imeanza.

Dhana: Kila Jumatatu imehifadhiwa kivyake.
Ukweli: Lililohifadhiwa ni tukio moja na kanuni yake, RRULE:FREQ=WEEKLY;BYDAY=MO, yaani rudia kila wiki, siku ya Jumatatu. Tarehe unazoziona hukokotolewa. Ukiisogeza moja, huundwa rekodi ya siku hiyo pekee, na ndani yake sehemu iitwayo recurringEventId inayotaja tukio mama.

Dhana: Ikishahamia Jumanne, itambue kwa tarehe ya Jumanne.
Ukweli: Hapa ndipo wengi hukwama. Sehemu iitwayo originalStartTime hubaki Jumatatu Juni 1, hata uusogeze mkutano mara kumi. Kitambulisho cha rekodi nacho huishia na 20260601T060000Z, kwa kuwa saa tatu ya Nairobi ni 06:00 UTC (saa ya marejeo ya dunia). Kiwango cha iCalendar cha kubadilishana data za kalenda, RFC 5545 cha 2009, hufanya vivyo hivyo kwa sehemu yake iitwayo RECURRENCE-ID. Programu inayolinganisha muda mpya peke yake itadhani Jumatatu imepotea na Jumanne kumezuka mkutano mgeni, kisha wafanyakazi wapate vikumbusho viwili na lawama zimwendee fundi.

Dhana: Siku iliyofutwa haipo tena.
Ukweli: Ipo, ila hali yake ni cancelled. Ukiorodhesha matukio bila kuyatandaza kuwa siku mojamoja, bado itarudishwa, na huenda isiwe na kichwa wala saa ya kuanza. Msimbo unaotegemea kichwa utaanguka.

Dhana: Kenya haibadilishi saa, basi kanda ya saa si hoja.
Ukweli: Mkutano wa 10:00 asubuhi kwa saa za London, uliowekwa kwa kanda ya Europe/London, huangukia saa sita mchana Nairobi majira ya kiangazi, na saa saba baada ya Oktoba 25, 2026, London inaporudisha saa nyuma.

Dhana: Kubadilisha "hili na yote yanayofuata" ni amri moja.
Ukweli: Ni maombi mawili: kata msururu wa zamani kwa UNTIL (kikomo ndani ya kanuni), kisha unda mpya. Mabadiliko uliyoyafanya kwa siku za mbele ya mkato hayahami yenyewe. Kwa maoni yangu, yasome na uyahifadhi kabla ya kukata.