Kutangaza ofa sio kununua

Wengi tunaamini kampuni kubwa ya programu ikitangaza inamtaka mshindani wake basi ishamnunua, kesho tu programu zake zinazimwa. Inaeleweka, vichwa vya habari ndo vinasomeka hivyo. Ila ofa ni posa tu jamani, mahari bado. Marekani kuna ofa moja ya hivyo ilitangazwa Juni 2003 kwa dola 16 kila hisa, bodi ya kampuni inayotakiwa ikagoma, serikali ikaenda mahakamani kuizuia ikashindwa, Ulaya nao wakachunguza, mpaka Desemba 2004 ndo kampuni hizo mbili zikakubaliana dola 26.50 kila hisa, yani mwaka na nusu wa mvutano! We angalia kitenzi, "inataka kununua" au "imekamilisha", alafu ingia tovuti ya kampuni inayotakiwa, ukurasa wa wanahisa, usome bodi yao imejibu nini.