Ruzuku ya korona kwa wakulima wa Marekani: hesabu ilivyopigwa katika ofisi ya kaunti

Mwaka 2020 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitenga dola bilioni 16 kwa wakulima na wafugaji walioumizwa na anguko la bei wakati wa korona. Mpango huo, CFAP (msaada wa chakula wakati wa korona), uliendeshwa na FSA, wakala wa wizara hiyo wa huduma kwa wakulima, kupitia ofisi zake za kaunti, zilezile anazoziendea mkulima wa jimbo la Iowa kwa mikopo. Maombi yalianza 26 Mei. Hakuna aliyekuja kwanza kukagua ghala: mwombaji alijaza fomu AD-3114, akatia sahihi kuthibitisha takwimu zake, basi. Wachache wangekaguliwa baadaye. Njia hiyo iliharakisha fedha, ila ilifungua mlango wa makosa.

Chukua mahindi. Kilichohesabiwa ni nusu ya mavuno ya 2019 au shehena iliyokuwepo ghalani 15 Januari 2020, ile iliyo ndogo. Aliyevuna busheli 40,000 na kubakiwa na 18,000 alilipwa kwa 18,000. (Busheli moja ya mahindi ni kilo 25 na ushei, gunia la kilo 90 ni kama busheli tatu na nusu.) Nusu ya kiasi hicho ililipwa senti 32 kwa busheli na nusu nyingine senti 35: dola 2,880 na 3,150, jumla 6,030. Mwanzoni alipewa asilimia 80 tu, yaani 4,824, salio likafuata. Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu mahindi ambayo bei yake ilikwisha kufungwa kwa mkataba kabla ya 15 Januari. Hayo hayakustahili, kwa sababu mwenyewe hakuwa tena na hatari ya bei kushuka.

Kwa ng'ombe, tarehe ndiyo iliyoamua. Ndama wa chini ya pauni 600 aliyeuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili alilipiwa dola 102. Aliyekuwa bado zizini kati ya 16 Aprili na 14 Mei alilipiwa 33. Viwango hivi, kama vile vya mahindi, vilikuwa viwili kwa sababu fedha zilitoka mifuko miwili: wa kwanza ni CARES, sheria ya msaada wa korona ya 2020, wa pili ni shirika la mikopo ya mazao la wizara. Aliyesubiri soko lipone aliambulia theluthi, na malalamiko yake yalikuwa na msingi. Kumwandika ndama mmoja pande zote mbili ni kulipwa mara mbili, na fedha hizo hurudishwa.

Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu. Kampuni ingeweza kufikia 750,000 iwapo wanahisa watatu walifanya kazi au usimamizi shambani, kila mmoja saa 400 au zaidi. Mwenye wastani wa kipato unaozidi 900,000 kwa mwaka aliachwa, isipokuwa robo tatu ya kipato hicho itokane na kilimo, ufugaji au misitu.

Awamu ya pili, Septemba hadi Desemba 2020, ilirekebisha mengi. Ng'ombe walilipiwa dola 55 kwa idadi ya juu kabisa kati ya 16 Aprili na 31 Agosti, wale wa kuzalisha wakiondolewa. Mkulima wa mboga alitumia mauzo ya 2019: dola 30,000 kwa asilimia 10.6 ni 3,180.

Malipo haya yalihesabiwa kuwa kipato, hivyo yaliingia kwenye kodi, katika jedwali F, fomu ya mapato ya shamba. Risiti za mauzo, vipimo vya ghala na hesabu ya mifugo vilitakiwa kutunzwa miaka mitatu.