Uliza Kwanza, Ndipo Upakie Lori

"Dada, wewe uko kwenye dawa, tuchange nini?" Ujumbe wa namna hiyo nilipokea mwingi Februari 2023, baada ya tetemeko la Uturuki na Syria. Walioniandikia ni watu wa jumuiya yetu hapa Mbeya, shemeji yangu wa Mafinga, hata kijana anayeniletea mchele kutoka Kyela. Wote walikuwa wameona maghorofa yaliyolaliana na watu wakifukua kifusi kwa mikono. Niliwajibu kwa kifupi: changeni fedha, dawa msinunue. Wengine waliniona nina roho ngumu, kwa hiyo leo najibu kwa kirefu.

Tarehe 7 Desemba 1988, Armenia, wakati huo ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.8. Mji wa Spitak ulisambaratika, na watu wapatao 25,000 walikufa. Gorbachev, kiongozi wa Umoja huo, alikuwa ziarani Marekani. Akaikatisha, akarudi nyumbani, na nchi iliyokuwa imejifungia kwa miongo mingi ikapokea misaada ya mahasimu wake. Kwa siasa za wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na mimi naliheshimu.

Ila mimi ni mfamasia, macho yangu huenda stoo. Zilifika takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Zilizotambulika kirahisi na kufaa kwa kazi ile zilikuwa asilimia 30 tu. Nyingine zilikwisha muda wake, nyingine ziliandikwa kwa lugha ambazo aliyeko zamu hakuweza kuzisoma. Watu 50 walitumia miezi 6 kuzipanga, na mwishowe sehemu moja ya tano ikateketezwa.

Kazi hiyo naijua. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kililetewa masanduku 14 ya msaada kutoka nje, bila taarifa yoyote. Mimi na msaidizi wangu tulikaa chini siku nne tukilinganisha majina ya vidonge, huku wagonjwa wakisubiri dirishani. Na dawa mbovu hutupi jalalani. Unaomba kibali, unasubiri usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, unalipia kuziteketeza. Ndani ya sanduku la mwisho tulikuta kadi aliyoichora mtoto, jua kubwa la njano. Niliilia ile kadi. Waliopakia walitupenda kweli, ila hakuna aliyetupigia simu kutuuliza tumepungukiwa nini.

Mahitaji ya tetemeko hubadilika upesi mno. Saa za kwanza waokoaji ni majirani, kwa majembe na mikono. Kikosi cha ng'ambo, hata kikikimbia vipi, mara nyingi hufika baada ya siku moja au mbili. Kisha wanakuja waliobanwa. Misuli iliyokandamizwa kwa saa nyingi huharibika, na ukiondoa tofali ghafla, potasiamu na protini zilizovuja humwagika kwenye damu. Moyo unaweza kusimama, figo zikafeli. Ndiyo maana mtu huyo anatakiwa awekewe dripu akiwa bado chini ya kifusi, kabla hajavutwa. Armenia ilipata mamia ya wagonjwa wa figo wa aina hiyo, na kutokana na msiba ule mabingwa wa figo duniani waliunda kikosi chao cha kukimbilia matetemeko.

Baada ya wiki moja foleni inabadilika tena. Anakuja mama wa presha ambaye vidonge vyake vimefukiwa, mtoto wa kisukari asiye na insulini, mtu wa kifafa, mtu wa TB aliyekatika katikati ya dozi. Hawa hawaonekani kwenye televisheni.

Na hili si la mbali. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Desemba 1910 bonde la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika katika karne ile. Desemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe. Sasa fikiria: Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi ya juu ya VVU nchini. Likitupiga kubwa, tutahitaji dawa za kufubaza virusi ndani ya siku chache, kwa maelfu ya watu, na ndege ya mgeni asiyeuliza haitazibeba.

Jirani angezibeba. Malawi wanatumia kidonge kilekile cha mchanganyiko tunachotumia sisi. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana bila mkalimani. Kagera ilipotikiswa Septemba 2016, Kenya ilileta mabati, magodoro na mablanketi. Mtu aliyeangukiwa na nyumba mwanzoni mwa mvua za vuli huhitaji nini zaidi ya bati? Kimbunga Freddy kilipoivuruga Malawi mwaka 2023, Tanzania ilipeleka unga wa mahindi, chakula cha kila siku cha mwenyeji.

Nimeulizwa pia kama misaada hii huleta undugu wa kweli kati ya mataifa, au ni picha za mawaziri tu. Mimi naamini huleta, pale watu walipokwisha kujuana. Agosti 1999 tetemeko la İzmit liliua zaidi ya watu 17,000 Uturuki, na Ugiriki, hasimu wa miaka mingi, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kutuma waokoaji. Wiki tatu baadaye Athens ikatikiswa, Waturuki wakaenda kufukua. Desemba mwaka huohuo Ugiriki iliacha kupinga Uturuki kuwa mgombea wa uanachama wa Umoja wa Ulaya. Wasimulizi wengi husahau kwamba mawaziri wao wa mambo ya nje, Papandreou na Cem, walikuwa wameanza kuzungumza kabla ya ardhi kutetemeka.

Ethiopia nayo, mwaka 1985, ikiwa katikati ya njaa yake yenyewe, ilipeleka dola 5,000 kwa waathirika wa tetemeko la Meksiko kupitia Msalaba Mwekundu wake, kwa kuwa Meksiko ilisimama nayo ilipovamiwa na Italia miaka 50 nyuma. Na Februari 2023 malori ya Armenia, nchi ileile ya Spitak, yalivuka daraja la Margara kuingia Uturuki, mpaka uliokuwa umefungwa kwa miaka 30.

Kwetu Tukuyu, anayeleta mkungu wa ndizi msibani hupitia kwanza jikoni kumuuliza mama anayesimamia wapishi: kuni mnazo? Chumvi je? Akiambiwa ndizi zimejaa, anageuka kutafuta kuni.

Basi mimi na mfamasia mwenzangu wa Karonga tumeandikiana orodha. Yake nimeibandika nyuma ya mlango wa stoo: dripu, insulini, vidonge vya kufubaza, dawa za kifafa, chumvi ya kuongeza maji mwilini. Yangu anayo yeye. Kila baada ya miezi mitatu tunapigiana simu kuzirekebisha, na wiki iliyopita alifuta mashuka, akaandika turubai.