Arkaroola si nyika tupu

Wengi hudhani ardhi ya hifadhi katika bara kame la Australia ni ile ambayo mtu hakuwahi kuigusa. Sivyo. Arkaroola, kwenye milima ya Flinders, Australia Kusini, ilichimbwa shaba, kisha radiamu, metali yenye mnururisho. Hadi leo tanuru la matofali la Bolla Bollana limesimama porini. Na kabla ya wachimbaji walikuwapo Waadnyamathanha, wenyeji wa asili wa milima hiyo, ambao husimulia kwamba bonde lile lilichongwa na nyoka mkubwa Akurra. Kuiita tupu ni kuwafuta, na hilo linaniuma. Mwaka 1968 mwanajiolojia Reg Sprigg aliinunua Arkaroola, wakati huo shamba la kondoo, akaifanya hifadhi. Sheria ya 2012 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini humo. Majabalini huruka walabi, mnyama wa jamii ya kangaruu, mkia wake una pete za kahawia na njano.