Taharuki si kuficha

Hadithi za mitandaoni zina ugonjwa mmoja: zinakatwa mlangoni. "Hodi! Hodi! Alipofungua, hakuamini macho yake… ITAENDELEA." Chini yake wasomaji wanamiminika: "Mwandishi unajua taharuki wewe!" Laiki 200 zikitimia, sehemu inayofuata inatoka, na aliyebisha hodi ni jirani kaja kuomba chumvi.

Hiyo si taharuki. Taharuki ni wasiwasi anaoupata msomaji pale anapoona jambo linamjia mhusika anayemjali, na jambo lenyewe bado halijafika. Mwanafunzi wa sekondari amekaririshwa nusu tu ya maana hii, "hamu ya kutaka kujua yatakayofuata", na hiyo nusu ndiyo inayoleta fujo yote.

Neno lenyewe lingetusaidia kama tungelisikiliza. Limetoka katika Kiarabu, taharruk, yaani kusogea, kutikisika. Ndugu zake tunao kila siku: haraka, harakati, mwanaharakati. Aliyepita madrasa anamjua ndugu mwingine, zile haraka za herufi, yaani alama za irabu: fat-ha, kasra na dhumma. Herufi yenye haraka inatembea. Yenye sukuni, alama ya kukosa irabu, imetulia, na sukuni nayo ni ukoo mmoja na maskani, mahali mtu anapotulia. Kwa hiyo kutaharuki ni kuondolewa kwenye utulivu wako. Gazeti likiandika kwamba taharuki imetanda sokoni baada ya moto, halijakosea hata kidogo: watu wametikiswa. Wanafasihi walilichukua neno hilohilo wakalihamishia kifuani mwa msomaji.

Waarabu wenyewe, wakizungumzia mbinu hii, hutumia neno jingine, tashwiq, lenye mzizi mmoja na shauku. Wao wameshika upande wa kutamani, sisi tumeshika upande wa kutikisika. Nadhani tulichagua vizuri. Shauku unaweza kuwa nayo hata kwa kifurushi kilichofungwa ambacho hujui kina nini. Lakini huwezi kutikiswa na usichokijua. Ili moyo udunde, lazima kwanza uambiwe.

Chukua jiko la kawaida. Galoni la mafuta ya taa limetoboka, mama anayahamishia kwenye chupa tupu ya soda, anaiweka mezani. Nje anaitwa, anatoka. Saa saba mchana Saidi, mtoto wa miaka sita, anarudi kutoka shule, koo limemkauka.

Mwandishi anayependa kuficha atatuacha gizani kuhusu yale mafuta. Mtoto atakunywa, ataanguka, nasi tutaruka kwenye kiti. Huo ni mshtuko, nao huisha kwa sekunde chache. Mwandishi wa ITAENDELEA ataandika, "Saidi aliona mezani kitu ambacho kingebadilisha maisha yake milele," kisha atatafuta laiki. Huyo ametupa shauku kidogo, ikichanganyika na hasira. Anayeijua taharuki atatuonyesha mafuta yakimiminwa katika aya ya kwanza kabisa, halafu atamleta mtoto taratibu. Tunajua kila kitu isipokuwa mwisho, na Saidi hajui lolote. Ujuzi wetu ndio unaotutesa.

Kiswahili kinatupa vifaa vya kazi hii ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama: "Aliingia, akatupa mkoba, akashika chupa, akanywa." Vitenzi vinne, mtoto keshakunywa. Hiyo -ka- hukimbiza. Ni nzuri kwa ugomvi na kwa safari, ila hapa inaua, maana msomaji hapati nafasi ya kuogopa. Sasa tazama -ja-: "Mkoba umetua chini. Kopo la mtungini halipo. Mama hajarudi. Mkono uko mezani, haujaigusa chupa." "Hajarudi" inabeba matarajio ndani yake: anatakiwa kurudi, na bado. Taharuki nyingi ya Kiswahili imejificha katika hiyo silabi moja. Usiimwage lakini. Mara tatu au nne katika tukio zinatosha. Ya kumi inachosha kama mtoto anayelia bila machozi.

Kuchelewesha nako kuna kipimo. Ukishaiweka chupa mezani, msomaji ataibeba kichwani kwa maneno kama mia mbili, mia tatu hivi, kisha itaanza kupoa. Ukitaka mama apige soga nje kuhusu harusi, sawa, lakini mrudishe msomaji jikoni kila baada ya muda, na kila ukirudi muda uwe mfupi kuliko mara iliyopita. Wengi hukosea hapa: wanachelewesha kwa kueleza rangi ya mapazia. Kinachochelewesha kiwe sehemu ya hatari yenyewe. Soga la harusi linafaa kwa sababu ndilo linalomzuia mama asirudi. Mapazia hayamzuii mtu.

Halafu kuna msomaji mkaidi, yule wa kuuliza, "Kwani mtoto hasikii harufu ya mafuta ya taa?" Ana haki yake. Akiuliza swali hilo na ukawa huna jibu, taharuki imekwisha, kwa sababu ameona mlango wa kutokea uko wazi. Ufunge mapema: asubuhi Saidi aende shule ana mafua, pua zimeziba, kamasi mpaka kwenye mkono wa sweta. Neno moja la mafua katika aya ya pili lina kazi kubwa kuliko aya nzima ya "moyo wake ulikuwa ukienda mbio".

Njia ya kumwokoa nayo ipandwe mapema. Mbuzi asiyewahi kutajwa akiingia jikoni na kuiangusha chupa, hiyo ni sadfa, na msomaji atajiona ametapeliwa. Sadfa ya kumtia mhusika matatani tunaivumilia. Ya kumtoa, hapana.

Wapo wanaojitetea kwa Alfu Lela Ulela: mbona Shehrazadi, mke wa mfalme anayesimulia humo, alikuwa akikata hadithi alfajiri? Ndiyo, alikata. Lakini msomaji wa kile kitabu anajua tangu mwanzo kwamba mfalme huua kila mke wake asubuhi. Upanga umeonyeshwa kabla ya hadithi ya kwanza kuanza. Ukiuondoa upanga, anabaki mwanamke anayesinzia katikati ya maneno. Na ngano za nyumbani je? Baada ya paukwa na pakawa, kila mtoto anajua sungura atashinda, na bado anamsogelea bibi, kwa sababu meno ya fisi ameshayaona.

Basi, ukimficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho, ulichoandika ni fumbo, kazi halali na ngumu yenye mashabiki wake, liite fumbo. Ukikata sehemu mlangoni umeamsha shauku, neno zuri tu, liite hivyo. Na yule jirani wa chumvi usimfute, anaweza kusaidika. Rudi sehemu iliyotangulia, ongeza sentensi mbili: nani mwingine anaweza kubisha hodi usiku huo, na kwa nini asifunguliwe. Kisha mwache jirani abishe.